Nilimfukuza mtani msibani, sasa mama mkwe haongei nami

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni Mkamba wa Machakos, Kenya. Nimeolewa na Mnyamwezi wa Tabora, mwaka huu ni wa sita, na tunaishi Arusha na watoto wetu wawili. Naandika kwa sababu jambo hili limenikaba kooni na hapa mjini sina mtu wa kumwambia.

Wiki tatu zilizopita baba mkwe alifariki. Alikuwa mstaafu wa reli, mzee mpole, na siku niliyofika kwake kama bibi harusi aliniita "binti yangu" kabla hata hajauliza jina langu. Tulisafiri kwa basi, Singida, Nzega, mpaka Tabora. Tukamkuta mama mkwe amekaa kwenye mkeka, halii, hali, haongei. Wakasema yuko hivyo tangu alipotoka hospitali. Nikakaa ubavuni pake nikamshika mkono. Nikajiambia kwamba huyu mama hataguswa na mtu mbele yangu.

Kesho yake asubuhi, maiti ikiwa bado mochwari, alitokea bibi mmoja wa Kizaramo. Mumewe, marehemu sasa, naye alikuwa mtu wa reli, na wamekaa Tabora miaka mingi. Nilikuwa nimemwona tangu tulipofika akikoroga uji jikoni, nikadhani ni jirani mwema. Shangazi, bibi yule alitoka chumbani amevaa koti la marehemu, lile la kazini, na kofia yake, na fimbo yake mkononi. Akatembea kama yeye, akiburuza mguu wa kushoto. Akakohoa mara tatu kama yeye. Akakaa kwenye kiti chake na kupaza sauti: "Mama Nanii! Chai yangu iko wapi? Sukari vijiko vinne, usinipunje!" Kisha akawageukia watu: "Mnyamwezi huyu kafa makusudi, anakimbia deni langu. Hapa hazikwi mtu mpaka nilipwe."

Watu wakacheka. Msibani! Nikamtazama mama mkwe, nikaona amejifunika uso kwa khanga na mabega yanatikisika. Hakuna hata mmoja aliyeinuka kumtetea. Nikajiuliza, ingekuwa mimi, mume wangu yuko mochwari na mtu anamwigiza hivi, ningejisikiaje? Sikuweza kuvumilia. Nikainuka, nikamvua bibi yule koti kwa nguvu, nikamwambia, "Toka hapa! Huna adabu? Huoni kuna mtu amekufa?"

Pakawa kimya. Bibi akavua kofia, akaiweka polepole kwenye mkeka, akasema, "Nisamehe mwanangu," akaenda zake. Makaburini hakuonekana.

Tangu siku ile mama mkwe nikimpigia simu anaitikia salamu, kisha anampa wifi yangu simu. Mume wangu anasema nilivunja utani wao, lakini siku zote hizi hakuwahi kuniambia kama kuna kitu cha namna hiyo. Wifi anasema eti mama alikuwa anacheka. Mimi siamini.

Kwetu msiba una ratiba: kwaya inaimba, wasifu unasomwa, mchungaji anahubiri, watu wanatulia. Najua kila watu na mambo yao. Hata mume wangu alipokuja kwetu mara ya kwanza alidhani mama yangu anamchukia, kwa kuwa alipomwona njiani aliacha njia akaingia shambani, na ndani hakukaa naye sebuleni hata dakika moja. Nikamweleza kwamba ile ni nthoni, heshima ya mama mkwe na mkwewe wa kiume, akaelewa, yakaisha. Lakini hili la kumcheka maiti ni jingine kabisa.

Arobaini ni mwisho wa mwezi huu. Wananitaka niombe radhi. Nikiomba nitakuwa nasema uongo, maana moyoni bado naona nilimtetea mjane. Nifanye nini?

Mkwe wa Tabora, Arusha

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa wiki hizi tatu, maana naona nawe umefiwa na mtu uliyempenda na hujapata nafasi ya kumlilia.

Nianze na mabega ya mama mkwe wako, kwa sababu hapo ndipo shauri zima lilipo. Uliyaona yanatikisika. Uso hukuuona, ulikuwa ndani ya khanga. Ukaujaza mwenyewe, na uliojaza ulikuwa uso wako. Wewe mwenyewe umeandika hivyo: "Ingekuwa mimi, ningejisikiaje?" Lile ni swali la mtu mwenye huruma, na nisingependa ulijutie. Lakini jibu lake lilitoka Machakos, kwa mtu aliyelelewa kwenye misiba ya kwaya na wasifu. Mjane aliyekaa pale mkekani alilelewa Unyamwezi. Ulijiweka mahali pake, mwanangu, ila ulikwenda na moyo wako ukauacha wake palepale.

Ngoja nikueleze utani wenyewe, maana mume wako alipaswa kukueleza miaka sita iliyopita.

Huku Tanzania utani si mzaha wa mtu mcheshi. Ni undugu wenye haki na wajibu. Upo wa mjukuu na babu, upo wa shemeji na shemeji, na upo wa kabila na kabila. Wachaga na Wapare ni watani. Wangoni na Wahehe waliuana vitani katika karne ya 19, na wajukuu wao leo wanataniana. Hata Simba na Yanga magazeti huwaita watani wa jadi, na nadhani hapo Arusha neno hilo umelisikia kila wakikutana uwanjani, bila kujua limetoka mbali kiasi gani.

Utani wa Wanyamwezi na watu wa Pwani, Wazaramo wakiwemo, wazee wanausimulia kwa njia ya misafara. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, Mnyamwezi alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu begani kutoka Unyanyembe, hukohuko Tabora, mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800 kwa miguu, safari ya miezi. Njiani alipita nchi za watu asiowajua, anaumwa, ana njaa, hana ndugu. Mtani ndiye aliyekuwa na haki ya kumtukana na wajibu wa kumlaza. Aliingia kwa mtani akachukua chakula bila kuomba, na hakuitwa mwizi. Na akifa huko ugenini, mtani ndiye aliyemzika.

Hilo la mwisho lishike, maana ndilo lililomleta bibi yule jikoni kwenu. Msiba ukitokea, mfiwa hana nguvu. Ndugu zake nao ni wafiwa. Nani atachimba kaburi, nani atateka maji, nani atasema "sasa kuleni" watu wakiwa wamekata tamaa? Mtani. Yeye yu karibu kiasi cha kuingia mpaka chumbani, na yu mbali kiasi cha kutoanguka kwa uchungu. Wewe mwenyewe ulimwona anakoroga uji tangu ulipofika. Ule uji na lile koti ni kazi moja, mwanangu. Anayeinua sufuria ndiye anayepewa ruhusa ya kuinua nyoyo, na mwenye msiba hamkasirikii. Kuvaa nguo za marehemu, kuiga mwendo wake, kuzuia mazishi kwa kudai deni, yote hayo ni mambo ya kawaida ya watani. Watu hutoa sarafu mbili tatu, wanacheka, wanalia, na maziko yanaendelea.

Sasa rudi kwenye mkeka. Umesema mama alikuwa halii, hali, haongei. Mtu wa namna hiyo watu wazima wanamwogopea. Kilio kilichogoma kutoka ni hatari kuliko kilio chenyewe. Ghafla anasikia kikohozi cha mumewe, mara tatu. Anasikia mguu wa kushoto ukiburuzwa sakafuni. Anaulizwa chai, sukari vijiko vinne, kama alivyoulizwa kila asubuhi miaka yote ya ndoa yake. Wifi yako anasema alicheka. Wewe unasema alilia. Mimi sikuwepo, lakini nimekaa mikeka mingi, na nimeona mara nyingi vitu hivyo viwili vikitoka kwa pamoja kwenye khanga moja, mwenyewe asijue kipi kimeanza. Kama ndivyo ilivyokuwa, mlango ulikuwa ndio kwanza unafunguka. Ukasimama mtu mmoja, kwa mapenzi yake yote, akaufunga.

Najua inauma kusoma hivyo. Lakini hukutaka nikubembeleze, ulitaka kujua kwa nini haongei nawe.

Na kuna mtu wa pili ambaye katika barua yako hakuna aliyemfikiria, hata mume wako. Ni bibi yule. Hebu jiulize, nani anaweza kuiga kikohozi cha mtu mpaka mke wake akajifunika uso? Aliyekisikia miaka mingi na kukipenda. Yule mama ameachwa mjane, mbali na Uzaramo, na huyo mzee wa Kinyamwezi alikuwa mtani wake, mtu wa kutukanana naye asubuhi na kupelekeana mboga jioni. Alipovaa lile koti, naye alikuwa anamuaga. Hana wimbo mwingine wa kumlilia. Ukamvua. Na kwa kuwa mtani hagombani na mfiwa, akasema nisamehe, akaenda nyumbani peke yake, na mtu wake akazikwa bila yeye. Katika yote uliyoniandikia, hilo la kofia kuwekwa polepole kwenye mkeka ndilo lililonitoa machozi.

Usidhani nakusema kutoka juu. Nilipokuwa mwalimu kijana nilipangiwa shule ya umaasaini, huko Monduli. Kila asubuhi kulikuwa na mtoto wa darasa la kwanza anayekuja mbele yangu, anainamisha kichwa, ananyamaza. Nikadhani ana aibu, au ana hatia fulani. Nilikuwa na huruma naye kweli. Nikamwambia kwa upole, "Inua kichwa, usiogope." Akainua. Kesho akaja tena, akainamisha. Siku ya nne nikaanza kumkwepa, kwa kuwa nilihisi namwumiza. Ikapita kama wiki mbili ndipo mpishi wa shule, mama wa Kimaasai, akaniuliza kwa nini nakataa salamu ya mtoto. Kwao mtoto humwamkia mkubwa kwa kumpa kichwa, na mkubwa humwekea mkono utosini. Wiki mbili mtoto wa watu alinipa shikamoo yake nami sikuitikia marahaba. Nikamtafuta uwanjani siku ileile nikamwekea mkono. Mpaka leo naukumbuka ule utosi, ulikuwa na vumbi na joto la jua. Kosa langu na lako ni moja. Tulihurumia kabla ya kuuliza.

Na wewe, mwanangu, kuuliza unakujua. Barua yako imebeba jibu mfukoni. Mume wako alimwona mama yako anaacha njia na kuingia shambani, na kwa macho ya Tabora alichokiona ni mama anayemkimbia mkwe. Angeweza kuondoka siku ileile na kinyongo cha maisha. Hakuondoka. Alikuuliza, ukamwambia nthoni, naye akakubali kwamba mgongo uliogeuzwa unaweza kuwa heshima. Sasa naye mama mkwe wako anastahili uamini kwamba kicheko kinaweza kuwa kilio. Umesema la kwao ni jingine kabisa. Kwa macho ya mumeo, mama mkwe anayemkimbia mkwe wake lilikuwa jingine kabisa pia.

Sikuambii uupende utani wa msibani. Wapo Wanyamwezi na Wazaramo wasioupenda, wapo wachungaji na masheikh wanaoukemea, na wapo watani wanaovuka mpaka, wanaowashika wanawake au kumkejeli mfiwa anayeomba aachwe. Hao hata wazee wenyewe huwatoa. Ukitaka siku yako ifike uimbiwe kwaya tu, waambie watoto wako mapema, ni haki yako. Lakini msiba ule ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ubavuni pako, mkono wake mkononi mwako. Ungeinama ukamnong'oneza, "Mama, nimtoe?" Neno moja tu. Nakuandikia hivi ili mara nyingine, kwa jambo lolote la huko ukweni, hilo neno liwe la kwanza.

Kuhusu mume wako, nitasema kwa ufupi: amekosa, na mwambie kwamba mimi nimesema hivyo. Mtu huoi kutoka nchi nyingine ukamwacha ajikwae kwenye mila zako gizani, kisha ukamlaumu kwa kuanguka. Alikuwa na miaka sita ya kukueleza, na alikuwa na safari nzima ya basi kutoka Arusha.

Sasa la kufanya. Usingoje arobaini, nenda kabla, hata siku tatu nne. Simu haifai kwa jambo hili. Ukifika, kaa na mama mkwe mkiwa wawili, mkichambua mchele au mkikunja nguo, maana mikono ikiwa na kazi maneno hutoka bila kulazimishwa. Usianze kwa kujieleza. Usimwambie ulikusudia mema, hilo analijua. Muulize: "Mama, Bibi alipokaa kwenye kiti cha baba, wewe ulikuwa unaona nini?" Kisha nyamaza. Huenda akajibu, huenda akakuambia ulete maji. Akikuambia ulete maji, leta maji. Atasema siku yake.

Unaogopa kwamba radhi yako itakuwa uongo. Basi usiombe radhi kwa kumpenda, maana kwa hilo hukukosa. Omba radhi kwa kuamua kwa niaba yake bila kumuuliza. Hilo ni kweli tupu, na unaweza kulisema ukimtazama machoni, au ukiwa umeinamisha kichwa kama adabu ya pale inavyotaka. Wifi yako atakuambia ipi. Muulize na yeye.

Kwa Bibi usiende peke yako. Mwombe mama mkwe au wifi akupeleke, kwa sababu utani ni wa ukoo, na aliyeuvunja hurudishwa na wenyewe. Chukua doti ya khanga, chagua jina zuri, na kilo mbili za sukari. Na ujiandae. Bibi hatakupokea kwa machozi. Atakutoza faini. Atasema khanga ni nyepesi, atasema Wakamba wabahili, atauliza kama Kenya watu wanafundishwa kuvua wazee makoti. Usijitetee na usilie. Toa faini, na kama unaweza, mjibu. Mwambie Wazaramo wanapenda vya bure. Utaona atakavyoshtuka na kufurahi. Wewe ni mke wa Mnyamwezi, kwa hiyo yule bibi ni mtani wako tangu siku ya ndoa yako, ni vile tu hakuna aliyekutambulisha.

Jambo la mwisho, lile koti. Hukuniambia liko wapi. Muulize mama mkwe, na akikuruhusu, likunje vizuri ulipeleke kwa Bibi kwa mikono yako, pamoja na kofia, avae siku ya arobaini kama atapenda. Akilivaa, akakaa kwenye kile kiti, akakohoa mara tatu na kuuliza chai yake iko wapi, inuka wewe ukamletee. Sukari vijiko vinne, usimpunje.

Shangazi